Fedha za Nyumba Tatu

Foleni ilianzia kwenye mlango wa Benki ya Milimani mjini Mbinga, ikashuka ngazi, ikapita mbele ya duka la vitambaa la Sumaiya na kuishia karibu na kijiwe cha bodaboda, na bado watu walikuwa wanashuka kwenye magari ya Kitai wakiuliza, "Wa mwisho ni nani?" kabla hata hawajafungua miavuli. Ottilia alikuwa amesimama katikati ya watu hao tangu asubuhi, nyuma ya mume wake, Wendelin Kapinga. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, kwa sababu Wendelin alisema benki si mahali pa kwenda na nguo za shamba. Wendelin mwenyewe alikuwa amevaa koti lake la harusi na misiba, na Ottilia alishindwa kuamua ni lipi kati ya hayo mawili lililowaleta mjini siku hiyo.

Mvua ya Januari ilinyesha, ikakatika, ikanyesha tena. Hakuna aliyetaka kuonekana na haraka. Huyu alisema anatoa fedha ya mbolea, yule ya bati, mwingine eti ana mgeni kutoka Songea. Mzee mmoja tu ndiye aliyesema kweli. "Mimi nimesikia benki inakufa," alisema. "Nimekuja kuchukua changu kabla ya mazishi." Watu wakacheka kidogo, kisha kila mmoja akasogea akamkaribia aliye mbele yake.

Sumaiya alitoka dukani na kigoda, akamwekea Ottilia. Wazee wake walitoka Kilwa, lakini yeye alizaliwa Mbinga na Kimatengo alikijua kuwashinda watoto wengi wa Wamatengo wa siku hizi. Ndiye aliyempigia Ottilia simu juzi yake kumwambia kwamba wafanyabiashara wanahamisha fedha kimyakimya.

"Mama Dastan," alinong'ona, "leo toeni zote. Mume wangu alizitoa zetu Ijumaa, hakubakiza hata ya kufukuzia nzi."

"Tutaona," alisema Ottilia.

"Msione. Toeni."

Ottilia aliitikia kwa kichwa, lakini alijua mambo si mepesi hivyo. Akaunti ilikuwa kwa jina la Wendelin, ila fedha zilikuwa za nyumba tatu. Nyumba ya kwanza ilikuwa yao. Ya pili ya Mansuetus, mdogo wake Wendelin, mchuuzi wa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Ya tatu ilikuwa ya Scholastica, mjane wa Edmund, ndugu yao wa katikati. Babu yao aliwaachia sengu, ile desturi ya Wamatengo ya wanaume wa ukoo kula pamoja barazani kwa mkubwa wao na kukata mashauri wakishanawa. Kwa majirani sengu ilikwishabaki hadithi ya wazee, lakini Wendelin aliing'ang'ania. Kila Jumapili sahani ilikuwa moja, na tangu Edmund afariki, fedha ya kahawa nayo ikawekwa mahali pamoja. Wendelin aliona haya mtu kula sahani moja na ndugu yake halafu wakafungue akaunti mbili.

Katika akaunti ile moja mlikuwa na mafungu matatu yaliyolingana, milioni tatu kila nyumba, na fungu la Scholastica lilikuwa na kazi yake tayari. Binti yake, Siwema, alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa chuo cha uuguzi, nusu yake kwa mkopo wa huruma ya mkuu wa chuo. Mwezi Machi alitakiwa kurudi na milioni moja na nusu mkononi, deni la nyuma na nusu ya mwaka wa pili, la sivyo nafasi yake apewe mwingine. Ottilia alimpenda binti huyo. Yeye alizaa wavulana watupu, na wavulana, akiwamo Dastan wa Dar es Salaam, walimkumbuka mama yao walipoishiwa vocha.

Walifika dirishani mchana. Karani aliyekuwa pale aliitwa Ilyasi, kijana mwenye tai iliyolegea na macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa. Leo tunatoa milioni tatu kwa kila akaunti, zaidi ya hapo hatuwezi. Nikutolee zote tatu?"

Milioni tatu ilikuwa fungu zima la nyumba moja, ilikuwa ada ya Siwema na chenji juu. Alimtazama mume wake kisogoni akingoja aseme ndiyo.

"Naomba salio," alisema Wendelin.

Ilyasi aliinua macho. "Salio tu?"

"Fedha hizi zina wenyewe, kijana. Mdogo wangu yuko ziwani, simu yake haipatikani. Akirudi tutakaa, tutakubaliana, tutakuja."

Ilyasi aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akasogeza mdomo karibu na kioo. "Mzee, mimi si msemaji wa benki. Lakini ungekuwa baba yangu ningekushika mkono ujaze karatasi ya kutolea sasa hivi."

"Na ningekuwa baba yako," alisema Wendelin kwa upole, "ningekufundisha kwamba cha mwenzako hukigusi bila kumwambia, hata kama umekishika wewe."

Alisema hivyo kwa sauti ya kusikika, na Ottilia aliijua sauti ile. Ndiyo aliyoitumia kusoma somo kanisani. Wendelin hakuwa mtu wa majivuno ya fedha wala nguo. Majivuno yake yalikuwa ya uaminifu, na hayo ni magumu kumsema mtu, maana utaanzia wapi?

"Baba Dastan," Ottilia alianza.

"Tutaongea nyumbani."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yao na mtoto mgongoni alisema, "Kama hamtoi, tupisheni basi, wenzenu tunadaiwa." Watu wakaguna. Ilyasi akapitisha kipande cha karatasi chenye salio, Wendelin akakikunja akakitia mfuko wa ndani wa koti, akashukuru. Ottilia alimfuata hadi nje. Mbele ya duka Sumaiya alimwonyesha kwa mikono, vipi? Ottilia akajifanya anafunga kitenge.

*

Mansuetus alirudi Jumamosi jioni kutoka Liuli, kule ziwani, pikipiki yake imebeba magunia mawili ya usipa na harufu yake ikitangulia kona moja mbele. Jumapili baada ya misa wanaume walikaa. Ottilia na Scholastica walisonga ugali, wakapakua maharage na mbasa wa kukaanga, samaki aliowaleta Mansuetus, wakapeleka barazani, wakarudi jikoni. Wanawake hawakuwa wanakaa kwenye sengu. Nyumba ya Scholastica ilihesabiwa, ila msemaji wake alikuwa Wendelin.

Kutoka jikoni walisikia kila kitu, kama siku zote.

"Kaka, si ungezitoa tu?" alisema Mansuetus mdomo umejaa.

"Bila wewe?"

"Bila mimi. Mimi ningekataa nini?"

Kisha Wendelin akasema kwamba desturi haichagui siku ya kufuatwa, na Mansuetus akasema sawa, kaka, yamepita, kesho twende wote. Mashauri yaliisha kabla mikono haijakauka maji. Jikoni Scholastica alimwuliza Ottilia, "Kwani walikuwa wanatoa siku ile?" Ottilia akajibu kwamba walitoa kidogokidogo, kisha akainama kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri.

Jumatatu walikuta mlango wa benki umefungwa kwa kufuli mpya. Tangazo lilibandikwa kwenye kioo, na polisi wawili walisimama pembeni wakiwa na sura za watu wasiotaka kuulizwa. Tangazo lilisema benki imeishiwa mtaji, imefutiwa leseni, na wenye amana wawe watulivu. Kijana mmoja alilisoma kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, akifika mwisho anaombwa aanze tena, kana kwamba mara ya tatu lingesema jambo jingine.

Wendelin alipanda ngazi akabisha hodi.

"Mzee, hakuna mtu humo," alisema polisi mmoja.

"Meneja ananifahamu. Mwambie ni Kapinga."

"Mzee wangu, hakuna meneja. Hakuna mtu."

Alibisha tena, taratibu, kama anavyobisha mgeni mwenye adabu. Mansuetus ndiye aliyepanda akamshika kiwiko akamshusha. Pale chini Ottilia alimwona Ilyasi, hana tai, amevaa fulana na kandambili, amesimama katikati ya watu kama wengine.

"Hata mshahara wangu umo humo, mama," alimwambia Ottilia kabla hajaulizwa. Kisha akageuza uso, maana Wendelin alikuwa anakuja upande wao, na kijana yule hakutaka kumtazama mzee machoni. Ottilia alimshukuru moyoni kwa heshima hiyo.

*

Waliitwa kulipwa fidia mwanzoni mwa Machi. Kazi ilifanyika kwenye ukumbi mmoja mjini, meza zimepangwa kwa herufi, viti vya plastiki, watu wameshika vitambulisho. Wendelin alikuwa na koti lile lile. Ofisa wa meza yao alikuwa dada mdogo aliyetoka mbali, mwenye adabu sana, na adabu yake ilifanya mambo kuwa mabaya zaidi, maana ungegombana naye vipi?

"Mzee Kapinga, shikamoo. Pole sana kwa usumbufu. Fidia yako ni shilingi milioni moja na nusu."

"Na za wenzangu?"

"Wenzako wapi, mzee?"

"Tuko nyumba tatu."

Yule dada alitazama kwenye kompyuta yake, akatazama tena. "Hapa naona jina moja. Bima inamlipa kila mwenye akaunti, na kiwango cha mwisho kwa mtu mmoja ndiyo hicho. Kinachobaki kitasubiri mali za benki ziuzwe, na hapo siwezi kukuahidi kitu, mzee wangu."

"Binti yangu, uliza kijiji kizima. Kila mtu anajua fedha ile ni ya nyumba tatu. Padre anajua."

"Nakuamini kabisa. Ila sheria inaangalia jina." Alisita, kisha akauliza kwa nia njema kabisa, "Kwa nini kila mmoja hakufungua ya kwake?"

Wendelin alifungua mdomo. Ottilia, aliyekaa kando yake, alimwona akitafuta maneno ya kumweleza mtoto wa mjini habari za sengu, sahani moja, na marehemu babu yake. "Tunakula pamoja," alisema mwishowe.

Yule dada alitikisa kichwa kwa huruma, asielewe. Meza ya pili alikuwa anasaini Mwalimu Pankras, ambaye Mbinga nzima ilijua hamwamini mke wake hata kwa fedha ya chumvi. Mwalimu alikuwa na akaunti yake, mke na ya kwake, na watoto wawili wakubwa kila mmoja na ya kwake, kwa kuviziana tu. Wote wanne walilipwa, kila mmoja kiasi kilekile alicholipwa Wendelin kwa nyumba tatu. Walitoka wamefuatana, wanataniana, na mwalimu akampungia Wendelin mkono kwa furaha.

*

Jumapili ile Mansuetus hakugusa chakula. Wendelin aliweka bahasha mkekani kati yao, akasema aliyoyafikiria wiki nzima: fedha hii haitoshi watu watatu, lakini inatosha mtu mmoja. Ni kiasi kilekile anachodaiwa Siwema chuoni. Apewe mtoto, akasome, na wao wakubwa wajifunge mikanda mpaka mavuno.

"Kaka, mimi nadaiwa Liuli," alisema Mansuetus. "Nilichukua usipa kwa mali kauli, nikiamini nina fedha benki. Wenye nyavu wamesema nisipopeleka chochote wiki hii wanachukua pikipiki. Wakichukua pikipiki, watoto wangu wanakula nini?"

"Siwema naye ni mtoto wako."

"Najua. Lakini ulikuwa dirishani, kaka." Sauti yake ilianza kupanda. "Ulikuwa umesimama dirishani. Wenzako walitoka na milioni tatu, wewe ukatoka na salio. Unajua watu wanasema nini huko barabarani? Wanasema hakuna mtu anayeweza kuwa mjinga kiasi hicho. Wanasema ulitoa, ukazificha, ukaja kutuambia habari za desturi."

"Na wewe unasemaje?"

Mansuetus alitazama chini. Angesema hapana, siku hiyo ingeisha vingine. Lakini alikuwa mtu mwenye madeni na hasira, naye alisema, "Mimi sijui, kaka. Sikuwapo."

Jikoni Scholastica aliweka mwiko chini. Walimsikia Wendelin akihesabu noti, polepole, akitenga mafungu matatu, kisha akamwita Scholastica barazani, jambo ambalo halijawahi kutokea. Scholastica alienda akapiga goti, akapokea laki tano kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, shemeji." Wendelin akasogeza na fungu lake. "Chukua na hili la kwetu." Scholastica alilikataa, akalikataa tena, mpaka Ottilia mwenyewe alipotoka jikoni na kulitia kwenye mkunjo wa kanga yake.

Siwema alikuwa amekaa nyuma ya nyumba akichambua maharage ya mbegu. Alikuwa amesikia yote. Alimwuliza Ottilia swali moja tu, "Mama mkubwa, chuo watapokea milioni moja?"

"Watapokea vipi, wakati wameandika moja na nusu," alisema Ottilia. "Lakini laki tano si mlima. Niachie mimi."

*

Alijua pa kuzipata, na alikuwa anaona haya hata kupafikiria. Mjini kulikuwa na Swalehe, mnunuzi wa magoma. Magoma ni kuuza kahawa ikiwa bado mbichi mtini, kwa robo ya thamani yake, kwa sababu njaa haingoji Julai. Miaka yote Wendelin aliyalaani. Aliyalaani kwenye mikutano ya ushirika, akayalaani kwenye jumuiya, na kuna majirani waliowahi kuuza magoma usiku wakimkimbia yeye kuliko wanavyomkimbia mgambo. Lakini Ottilia alikuwa na kipande chake, mikahawa ya kando ya kijito aliyopewa na baba mkwe alipojifungua Dastan, na alijiambia kwamba mikahawa yake ni yake, anaweza kuiuza au kuiacha apendavyo.

Jumatano alipanda bodaboda hadi Mbinga. Swalehe alimkaribisha vizuri, akamtolea kiti na chai ya tangawizi. Hakuwa mtu mbaya wa sura wala maneno, na biashara yake haikuhitaji ubaya, ilihitaji subira tu.

"Nina mikahawa yangu kando ya kijito," alisema Ottilia. "Nataka laki tano."

Swalehe aliweka birika chini. "Mama Dastan, mzee hajakuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Alikuja jana. Ameniuzia shamba lote, la juu na la kijitoni. Mavuno ya mwaka huu na ya mwaka ujao." Aliona sura ya mwanamke ikibadilika, akaongeza kwa sauti ya chini, "Nilimlipa taslimu, milioni mbili na nusu. Nilimwuliza, mzee Kapinga, leo wewe? Akasema kuna mtu anamdai jina lake."

Ottilia hakuimaliza chai ile. Kwenye bodaboda ya kurudi alipiga hesabu, na hesabu ilikuwa nyepesi. Fungu la Mansuetus lilikuwa milioni tatu. Jumapili amepewa laki tano. Kilichobaki ni milioni mbili na nusu.

Alimkuta Wendelin amekaa barazani peke yake, hana koti, hana kofia. Hakumwamkia.

"Umempa Mansuetus."

"Nimempa haki yake yote, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili. Amepokea. Amelia, akaomba radhi, amekwenda ziwani kulipa madeni." Alisema yote hayo bila furaha. "Sasa hakuna mtu atakayesema nilificha."

"Na Scholastica? Fungu lake lilikuwa sawa na la Mansuetus. Ungetoa laki tano tu kati ya hizo mtoto angekuwa chuoni Jumatatu."

Ottilia alimtazama mtu huyo aliyeishi naye miaka yote, akamwona amechoka, na akamwonea huruma, na huruma ile haikupunguza hasira hata chembe.

"Nijibu, Baba Dastan. Kwa nini hukuanza na mjane?"

"Scholastica," alisema Wendelin polepole, kana kwamba ndiyo kwanza anajisikia, "hakuniita mwizi."

Kisha akafunika uso kwa viganja. Ottilia alisimama pale na mkoba wake mtupu, asijue kama amkumbatie au ampige. Mwisho akaingia ndani kubadili nguo, kwa sababu jioni ilikuwa inaingia na kuku walikuwa hawajafungiwa.

Walihangaika siku zilizobaki. Dastan alituma elfu thelathini na maelezo marefu. Sumaiya alikopesha elfu hamsini bila kuuliza lini zitarudi. Padre alisema atatangaza, akatangaza, na sadaka ya watu ambao nao benki imewaliza ilikuwa kama unavyoweza kufikiri. Mansuetus simu yake haikupatikana. Siku ya mwisho Siwema aliwapigia chuo mwenyewe, akaeleza, akasikiliza, akasema "Nimeelewa, madamu," akakata simu. Nafasi ilipewa mwingine. Scholastica alirudisha kwa Sumaiya na kwa padre walivyotoa, akamrudishia Ottilia fungu lake kwa mkono, akanunua mbolea kwa kilichobaki. Wendelin aliendelea kukaa barazani kila Jumapili. Sahani ilikuja, akala peke yake.

*

Mwezi Mei Siwema alipata kibarua cha usafi kwenye hospitali moja ya huko milimani. Siku moja Ottilia na Scholastica walimpelekea viazi na karanga, wakienda kwa miguu njia ya mkato, maana nauli ya bodaboda ilikwishakuwa anasa. Waliongea habari za maharage, za mvua iliyozidi, za mbuzi wa jirani. Ottilia alikuwa na neno lililomkaa kooni tangu Januari, na kila walipopumzika alijaribu kulitoa likarudi.

"Mama Siwema," alisema walipofika kwenye mteremko wa mwisho. "Siku ile benki nilikuwapo. Karani alisema chukueni tatu. Nilinyamaza."

"Najua, dada."

"Nani alikuambia?"

"Kila mtu anajua." Scholastica alihamisha furushi kutoka bega moja hadi jingine. "Asubuhi ile mlinipita njiani, napalilia maharage. Shemeji alisimama akanisalimia, akaniuliza habari za Siwema. Simu yangu ilikuwa mfukoni, ina chaji. Siku nzima nilikuwa shambani pale."

Alisema bila kukaripia, kama mtu anayeeleza mahali alipoacha jembe.

"Mlimngoja Mansuetus siku tano. Mimi ningejibu pale pale, dada. Ningesema toeni. Hamkuniuliza."

Ottilia alitaka kusema kwamba wao wanawake hawakai kwenye sengu. Aliyasikia maneno hayo kichwani kabla hayajafika mdomoni, akayaacha huko huko. Aliendelea kutembea nyuma ya Scholastica, machozi yakimtoka bila sauti, na Scholastica, ambaye bila shaka alijua, hakugeuka.

Walimkuta Siwema kwenye wodi ya wanawake, amevaa koti la bluu la wafanya usafi, ameshika dekio. Aliwaona, akatabasamu, akawaonyesha kwa kidole wangoje mlangoni amalizie safu ya mwisho. Alideki vizuri, akisogeza kandambili za wagonjwa na kuzirudisha zilipokuwa. Kwenye kitanda cha pembeni bibi mmoja alikuwa anahangaika na mkono uliofungwa dripu, damu ikianza kupanda kwenye mpira. Siwema aliacha deki. Aliutazama mpira, akautazama mkono wa bibi, na mikono yake mwenyewe ikanyanyuka kwenda pale panapotakiwa kushikwa, kisha ikasimama hewani.

"Nisaidie, nesi," alisema bibi.

Siwema alishusha mikono, akaifuta kwenye koti.

"Mimi si nesi, bibi," alisema. "Tulia hivyohivyo, nakuitia."